Rangi haiishi peke yake: namna ya kutazama mchoro usioonyesha kitu



Kila mara mtu anapoweka hapa foto ya mchoro wenye hauonyeshi mtu, wala nyumba, wala mlima, majibu ni yale yale. "Hii hata mtoto wa maternelle anaifanya." "Wazungu wanajua kuuza hewa." Kisha linakuja swali kubwa: "Sasa hii inamaanisha nini?"

Leo nataka kuandika juu ya swali hilo la mwisho. Mbele ya michoro hii, yenye ku Kifaransa tunaiita abstraite na ku Kiswahili cha vitabu dhahania, ninaona tunaanza na swali lisilo la kwanza. La kwanza ni hili: inanifanya nini mu macho? Na mwenye kufanya ile kazi mu macho si rangi moja moja. Ni ujirani wa rangi. Mchoro wa mtu ao wa ng'ombe unaweza kukushika kwa sababu ya ule mtu ao ule ng'ombe. Mchoro usio na kitu hauna msaada ule. Umebaki na rangi, ukubwa wa kila rangi, na mpaka kati ya rangi na rangi. Ukitaka kuuelewa, tazama mipaka.

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma sanaa. Lakini jambo hili nilikutana nalo kwanza mu udongo, njo maana ninaanzia kule.

1. Kitabu cha rangi za udongo

Mwenye alipita mu fakulte ya agronomia anakijua kile kitabu cha Munsell. Unachukua donge la udongo, unalilowesha kidogo, unatafuta ku ukurasa kipande cha rangi chenye kinafanana nalo, kisha unaandika: 5YR 4/6, ao 2.5YR 3/6. Sehemu ya kwanza inasema rangi iko upande gani, kama ni nyekundu kabisa ao inaelekea njano. Namba yenye kufuata inasema imeng'aa ao imefifia gizani kiasi gani. Namba ya mwisho inasema imekolea kiasi gani.

Wengi tunakitumia bila kujua kwamba Albert Munsell hakuwa mtu wa udongo hata kidogo. Alikuwa mchoraji na mwalimu wa sanaa ku Boston, Marekani. Mfumo wake aliuandika mu kitabu cha mwaka 1905, sababu majina ya rangi hayana kipimo: "nyekundu" ya huyu si "nyekundu" ya yule. Alikufa mu 1918, na watu wa udongo wakachukua kazi yake kisha.

Sasa angalia jambo moja dogo mu kitabu kile. Kando ya vipande vya rangi kuna matundu. Unaweka udongo nyuma ya tundu, unauona pembeni ya kipande. Tena kuna karatasi ya kijivu ao nyeusi, nayo iko na matundu, ya kufunika vipande vingine. Ya nini? Ni ya kufukuza majirani. Ukiacha vipande vyote wazi, rangi za pembeni zinavuta jicho lako, na udongo ule ule unaweza kuuandikia namba ingine.

Wenzetu wa mpunga wanajua kitu kinachofanana. Kile kipimo cha plastiki chenye mistari ya kijani, cha kulinganisha na jani ili ujue kama mmea unahitaji azoti, hakitumiwi ku jua kali. Unageuka, unaweka jani mu kivuli cha mwili wako, na inafaa mtu yule yule apime, saa ile ile ya siku. Mwangaza ukibadilika, jani "linabadilika". Ukikosea pale, unanunua mbolea yenye haikuhitajika, ao unaacha kuweka yenye ilihitajika.

Kwa kifupi: sisi wa kilimo tunafanya juu chini tuue ujirani wa rangi, sababu unatudanganya. Mchoraji wa dhahania anafanya kinyume. Ule "udanganyifu" wenye sisi tunaufukuza, yeye anaufuga. Njo chombo chake cha kazi.

2. Mtu wa sabuni na nyuzi nyeusi

Mwenye alieleza jambo hili kwa utaratibu alikuwa mkemia, si mchoraji. Jina lake Michel-Eugène Chevreul, Mfaransa. Mwenye alisoma kemia ya mafuta anamdai shukrani: ni yeye aliyechambua mafuta ya wanyama na kueleza sabuni inatokea namna gani.

Mu 1824 alipewa kazi ya kuongoza upande wa kutia rangi nyuzi ku Gobelins, kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Paris. Pale alikuta malalamiko: nyuzi nyeusi hazina nguvu, zinaonekana zimepauka. Akazipima. Rangi nyeusi ilikuwa nzuri, haikuwa na tatizo lolote la kemia. Tatizo lilikuwa jirani. Nyeusi ilikuwa imefumwa pembeni ya buluu na zambarau, na rangi zile zilikuwa zinaiharibu mu macho ya mtazamaji. Mu 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria hiyo, na wachoraji wakakisoma miaka na miaka. Sheria yenyewe ni fupi: rangi mbili zikikaa pembeni, kila moja inasukuma mwenzake mbali na yenyewe. Nyeupe inafanya jirani aonekane mweusi zaidi. Nyekundu inasukuma jirani kuelekea kijani. Njano inamsukuma kuelekea buluu.

3. Jaribu mwenyewe, haina gharama

Usiniamini bure. Kata vipande viwili vya karatoni moja ya kahawia, kila kimoja sawa na kiberiti. Kimoja weka juu ya kikwembe cheusi, kingine juu ya shuka nyeupe. Simama mbali kidogo. Karatoni ni moja, lakini kile cha juu ya nyeusi kitaonekana kimeng'aa, na cha juu ya nyeupe kitaonekana kizito. Kisha jaribu moja juu ya kijani kilichokolea na ingine juu ya rangi ya machungwa. Juu ya kijani, karatoni inapata wekundu. Juu ya machungwa, inapoa, inakuwa sawa vumbi. Sasa visogeze mpaka vigusane: ni ndugu mapacha.

Jaribio lingine: weka kifuniko chekundu cha bidon mbele ya ukuta mweupe, kikazie macho sekunde 30 bila kuyahamisha, kisha toa kifuniko na uendelee kutazama ukuta. Utaona duara la kijani lenye kuelekea buluu. Hakuna mtu aliyelichora. Jicho lako njo lililitengeneza.

4. Sababu iko mu jicho

Nyuma ya jicho tuko na aina tatu za seli zenye kupokea rangi. Lakini habari yao haiendi moja kwa moja mu ubongo sawa barua. Inapita kwanza ku seli zingine zenye kazi ya kulinganisha: nyekundu dhidi ya kijani, buluu dhidi ya njano, mwangaza dhidi ya giza. Tena seli zikipata mwangaza mwingi mahali pamoja, zinapunguza sauti ya zile za pembeni. Kwa hiyo jicho halipimi sawa mizani. Linalinganisha.

Na ni heri iwe vile. Mama anayechagua nyanya ku soko saa kumi na mbili asubuhi, na yule anayechagua saa sita chini ya bashi la buluu, wote wawili wanajua nyanya ipi imeiva, hata kama mwangaza wenye kufika mu macho yao ni tofauti kabisa. Jicho lingekuwa linapima tu, nyanya ingebadilika rangi kila saa. Linalinganisha nyanya na vitu vya pembeni, linafanya hesabu, linakupa jibu lenye linafaa. Mchoraji anaingia ndani ya hesabu ile.

Kuna jambo la pili mu mpaka. Ile sehemu ya ubongo yenye kutuambia kitu kiko wapi na kama kinatembea inategemea sana tofauti ya mwangaza, si tofauti ya rangi. Basi rangi mbili zikitofautiana kwa rangi lakini zikilingana kwa mwangaza, ubongo unapata shida: unaona kuna vitu viwili, lakini hauwezi kuvikamata vizuri mahali pao. Mpaka unatetemeka. Piet Mondrian, Mholanzi aliyekimbilia New York mu 1940, alichora kati ya 1942 na 1943 mchoro wenye jina Broadway Boogie Woogie: mistari ya njano juu ya nyeupe, na vijisanduku vya nyekundu, buluu na kijivu ndani yake. Njano na nyeupe vyote vinang'aa karibu sawa. Njo maana mistari ile inaonekana kama inacheza, sawa barabara yenye magari usiku, na hakuna gari hata moja lililochorwa.

Ukitaka kujua kama rangi mbili zinalingana kwa mwangaza, zipige foto na telefone, kisha igeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Kama mpaka karibu unapotea, umepata jibu.

5. Mtu aliyechora mraba miaka 26

Mwenye alifanya ujirani wa rangi kuwa kazi ya maisha ni Josef Albers. Alizaliwa Bottrop, Ujerumani, mu 1888. Alifundisha ku shule ya Bauhaus mpaka ikafungwa wakati wa Wanazi mu 1933, kisha akaenda Marekani. Kuanzia 1950 mpaka kufa kwake mu 1976, alichora mfululizo mmoja wa miraba: mitatu ao minne, mmoja ndani ya mwingine, imeshuka kidogo kuelekea chini. Alitengeneza zaidi ya elfu. Rangi alizitoa ku tubu, mara mingi bila kuchanganya, anazipaka na kisu, kisha nyuma ya ubao anaandika majina ya rangi alizotumia, sawa mtu wa labo.

Mwenye kuona mmoja tu atasema: mraba, na kisha? Lakini fikiria sawa mtu wa kilimo. Ukitaka kujua kazi ya mbolea, unafanya shamba zote zilingane: mbegu moja, nafasi moja, maji mamoja. Unabadilisha kitu kimoja. Albers alifanya vile. Umbo alilifunga, lisisumbue, ili kinachobadilika kibaki rangi na jirani wake. Mu mmoja, mraba wa katikati unakuja mbele kama dirisha lenye taa. Mu mwingine, mraba wa ukubwa ule ule unarudi nyuma kama mlango wa pango. Kitabu chake cha 1963 juu ya rangi kinafundisha wanafunzi mambo mawili hasa: kufanya rangi moja ionekane mbili, na kufanya rangi mbili zionekane moja. Lile jaribio la karatoni ni la familia hiyo.

6. Mchoro uliokufa bila kuguswa

Kama bado unasema "yote ni sawa tu, weka nyekundu yoyote", sikia habari hii.

Mark Rothko, aliyezaliwa mu inchi yenye leo ni Latvia na kukulia Marekani, alichora vitambaa vikubwa, vingi vimepita metre 2, vyenye mawingu ya rangi yenye mipaka laini. Alipenda mtazamaji asimame karibu, rangi imzunguke. Mmoja wao, wa 1961, wenye machungwa, nyekundu na njano, uliuzwa mu 2012 kwa dola milioni 86.9. Tuache bei, bei ni mambo ya soko. Tutazame michoro mingine, ile aliyofanyia Chuo Kikuu cha Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mitano iliwekwa mu chumba cha kulia chakula, juu ya jengo lenye madirisha makubwa. Mu rangi yake Rothko alikuwa ametia nyekundu ya aina inayoitwa Lithol, yenye haivumilii jua. Jua likafanya kazi yake. Wekundu ukaondoka, msingi uliokuwa sawa divai nzito ukapauka, mahali pengine ukabaki buluu hafifu. Mu 1979 michoro ilikuwa imekwisha kutolewa na kuwekwa gizani.

Fikiria vizuri. Maumbo yote yalikuwa pale pale. Hakuna mstari uliosogea. Kama mchoro ule ungekuwa picha ya mfalme, hata umepauka ungeendelea kumwona mfalme. Lakini hapa kilichokuwepo kilikuwa ni ujirani tu, nyekundu nzito na maumbo ya juu yake, na ujirani ukivunjika, hakuna kilichobaki cha kuona.

Mu 2014 makumbusho ya Harvard ilifanya jambo la ajabu. Haikupaka rangi juu ya mchoro. Walihesabu, nukta kwa nukta, wekundu gani umepungua, kisha wakatuma mwangaza wa rangi kutoka ku projekta juu ya kitambaa ili kujaza pengo. Mchoro ukarudi. Na kila siku saa kumi ya alasiri walizima projekta mbele ya watu, mchoro ukaonekana tena umepauka. Kwangu hakuna somo bora juu ya habari hii. Umbo lile lile, kitambaa kile kile, chumba kile kile, lakini rangi ikibadilika, unatazama kitu kingine.

7. Kwetu Kasai walijua

Kuna mwenye atasema ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapana. Vitambaa vya raphia vya Wakuba, kule Kasai, ni dhahania iliyokomaa. Wanaume wanafuma, wanawake wanatarizi. Nyuzi zingine wanaziacha na rangi yake ya asili, njano hafifu, zingine wanazitia kahawia, nyeusi, ao nyekundu ya tukula, unga wa mti mwekundu. Nyuzi zingine zinakatwa zisimame sawa manyoya, na hapo zinameza mwangaza. Zingine zinalala na kuurudisha. Basi unatazama pembe nyeusi juu ya njano, ukikazia macho kidogo inageuka, njano njo inakuwa pembe na nyeusi inakuwa nyuma. Mtarizi amelinganisha nguvu ya rangi mbili mpaka hakuna yenye inashinda. Henri Matisse, mchoraji Mfaransa mwenye sifa kubwa juu ya rangi, alikuwa navyo na alivitundika ku ukuta wake. Sisi tunapoviuzia watalii kama "mapambo", yeye alivitazama kama somo.

8. Namna ya kutazama

Najua swali lenye linakuja: mu inchi yenye vita na bei ya unga inapanda, ni wakati wa kuongea rangi? Jibu langu ni fupi. Kutazama hakuibi mkate wa mtu. Tena msomi mwenye hawezi kutofautisha kile alichoona na kile alichodhani ameona atatusumbua ku shamba, ku hospitali, na ku ripoti. Mwanamke anayetoka na kikwembe mpaka mlangoni mwa duka, ili akione ku jua na pembeni ya blauzi yake mbele ya kulipa, anajua somo hili zaidi ya wengi wetu wenye diplome.

Siku utakapokutana na mchoro wa namna hii, fanya hivi. Kaa dakika tatu. Macho yanahitaji muda. Usitafute kitu, tafuta mpaka, uulize: rangi hizi mbili zinasukumana ao zinalala pamoja? Ipi inakuja mbele, ipi inarudi nyuma? Wapi panatetemeka? Kisha funika sehemu moja na mkono. Kama sehemu yenye imebaki inabadilika, ikipoa, ikififia, ikipoteza nguvu, jua kwamba ile uliyofunika ilikuwa inafanya kazi. Kama hakuna kinachobadilika popote unapofunika, mchoro ule ni dhaifu, na uko na haki ya kusema vile, hata kama bei yake ni ya mamilioni. Kumbuka tu kwamba ku telefone unaona nusu: ukubwa umepotea, na rangi ni ya ekrani, si ya mchoraji.

Na yule mtoto wa maternelle? Mpe rangi, atakuwekea nyekundu pembeni ya kijani, na pengine itapendeza. Mwambie sasa abadilishe ile kijani kidogo tu, mpaka nyekundu irudi nyuma. Hapo njo kazi inaanza.